Usaili wa Mama Sechelela

Kwa wiki mbili nzima wafanyakazi wa Chuo cha Kikristo Bonde la Baraka walimwombea Tabu. Chuo chenyewe kiko mbele kidogo ya Ihumwa, na hapo hakuna bonde, na baraka zake ni za kusuasua. Kila asubuhi kabla ya vipindi walimu walikusanyika kwenye chumba cha kompyuta, ambacho kompyuta zake hazijawahi kuwaka zote kwa pamoja, wakaimba, wakasoma neno, kisha wakataja mahitaji. Hitaji la kwanza lilikuwa maji. La pili lilikuwa usaili wa mke wa Mkuu wa Chuo. Mwalimu Fabian, mkuu mwenyewe, ndiye aliyekuwa akilitaja, na sauti ilimtetemeka kidogo kila alipofika kwenye jina la mkewe. Wenzake waliitikia amina ya nguvu.

Na watu haohao, Jumatatu alasiri, walikaa kikao wakaipanga ziara ya Baba Askofu iangukie Jumatano, siku ya usaili wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Jioni Fabian alimkuta mkewe uani, anapepeta mchele.

"Mama Sechelela, Jumatano tuna wageni."

"Wangapi?"

"Baba Askofu na watu wake. Na Mzee Makame na dada yake, wale wenye shamba. Wanakuja kumaliza suala la bomba. Kama watu kumi na watano hivi."

"Jumatano ya lini?"

"Hii ya keshokutwa."

Tabu akaushusha ungo mapajani. "Baba Sechelela, keshokutwa mimi nina nini?"

Fabian akafikiri. Alifikiri kwelikweli, macho yakiwa juu ya paa la jiko, na hilo ndilo lililomuuma Tabu kuliko kitu kingine chochote.

"Loo! Usaili."

"Leo asubuhi si umeuombea?"

"Nimeuombea."

"Sasa ulikuwa unamkumbusha Mungu peke yake? Masikio yako yalikuwa wapi?"

Fabian hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mnyenyekevu, asiyeweza kumfukuza hata kuku jikoni, na upole huo ulikuwa umemchosha mkewe kuliko ukali wa mtu yeyote. Akaeleza kwamba askofu ameshapanga safari zake na hazibadiliki tena. Akaeleza kwamba bomba la maji kutoka kisimani haliwezi kufika chuoni bila kupita kwenye shamba la Mzee Makame, na mzee huyo, mfanyabiashara wa mjini, wamemsubiri tangu kiangazi cha mwaka jana. Wanafunzi wanasukuma madumu kwenye mikokoteni kama punda. Mkewe analiona hilo kila siku.

"Naliona. Basi pikeni."

"Nani apike?"

"Chuo. Si wageni wa chuo?"

Fabian akacheka kidogo, akidhani anataniwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na halikuanza siku hiyo. Pale Bonde la Baraka mgeni wa chuo alikuwa mgeni wa mkuu, na mgeni wa mkuu alikuwa mzigo wa mke wa mkuu. Awe mkaguzi, mhubiri, au fundi wa printa aliyekosa usafiri wa kurudi mjini, wote walikula kwa Tabu na kulala kitanda cha Sechelela, na mtoto akahamia kwenye mkeka. Tabu hakuwa na mshahara. Alikuwa na shukrani. Shukrani hizo zilitolewa kila mahafali, pamoja na kitenge, na watu wakapiga makofi wamesimama. Kwamba mwanamke huyo ana stashahada ya ualimu, na anasubiri ajira ya serikali miaka nenda rudi, walilijua kama watu wanavyojua hali ya hewa ya Ulaya. Mwaka huu aliitwa, akafanya mtihani wa mchujo, akapita. Ilibaki hatua ya kufundisha mbele ya jopo. Desemba alikuwa anagonga arobaini na tano, na hapo umri wa kuajiriwa unafungwa. Jumatano hii isipokuwa yake, hakuna nyingine.

*

Jumanne jioni ulikuja ujumbe. Walikuja wawili: Mwalimu Ernest Matonya, mkuu wa taaluma, anayefundisha Agano la Kale kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, na Mwalimu Eliwaza, anayefundisha malezi ya watoto. Wakakaribishwa, wakaketi, wakanyamaza. Walikuwa wanasubiri chai. Tabu alilijua hilo, akajichukia kwa jinsi miguu yake ilivyoinuka yenyewe kwenda kuileta.

"Mama," Ernest akaanza baada ya kikombe cha kwanza, "sisi kama chuo tuko pamoja na wewe. Tena sana. Ila tulikuwa tunajiuliza, hao watu wa usaili, ukiwaomba kiungwana, hawawezi kukusogeza hata Alhamisi?"

"Mwalimu, mwanafunzi wako akikuomba umsogezee mtihani kwa sababu anakwenda kupika, unamsogezea?"

"Hapana, lakini hii ni kazi ya Bwana."

"Na kufundisha watoto wa darasa la pili ni kazi ya nani?"

Ernest akaangalia andazi. Eliwaza akajaribu kwa upande wa ulaini. "Dada Tabu, Mungu ana wakati wake. Huenda ni kipimo tu."

"Basi kesho pika wewe, Eliwaza. Kipimo tugawane."

"Mimi nina vipindi," Eliwaza akasema haraka. "Halafu, dada, niseme ukweli, nikipika mara moja itakuwa ndiyo basi. Watanigeuza mpishi wao. Mimi niliajiriwa kufundisha."

Tabu alitaka kukasirika, akashindwa, maana alichosema kilikuwa kweli tupu, na yeye mwenyewe alipaswa kukisema siku ya kwanza alipoingia nyumba ile.

"Umesema vizuri," akamjibu. "Na mimi nasema hivyohivyo. Mchele nimeshapepeta. Vitunguu viko kwenye kapu. Mbuzi amefungwa nyuma ya bafu. Wanaume mko wengi na mna shahada. Kesho mimi sipo."

Ernest aliomba sala ya kuagana. Aliomba kwa kirefu, akimtaka Bwana alainishe mioyo, na hakuna aliyekuwa na shaka moyo unaozungumziwa ni wa nani.

*

Alfajiri Tabu alimchemshia Sechelela uji, akamsikiliza kifua. Mtoto ana pumu, na vumbi la miezi hiyo halimpendi. Siku hiyo alikohoa mara mbili tatu, akasema yuko sawa. Tabu akamtia dawa ya kuvuta kwenye begi la shule, akavaa gauni lake la kijani, akapanda pikipiki kwenda mjini bila kuangalia nyuma.

Wasomi wakabaki na mbuzi.

Kikao cha kugawana kazi kilifunguliwa kwa sala na hakikuwa na haraka. Kulikuwa na hoja juu ya nani asimamie wali, hoja juu ya kuni na mkaa, na mhasibu akauliza kama viungo vinahesabika kuwa vifaa vya ofisi. Kuhusu mbuzi hapakuwa na mjadala. Mwalimu Ernest alikunja mikono ya shati. Amefundisha sadaka za Walawi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alisema, na leo wanafunzi waje waone. Wanafunzi wakaja, wakarekodi kwa simu. Mbuzi akachinjwa vibaya lakini akachinjwa, na kufikia saa nne nyama ilikuwa kwenye sufuria mbili kubwa, ikinukia kiasi kwamba Fabian alianza kuamini siku itapita salama.

Ndipo alipofika Batuli. Batuli na mumewe Hasani wanakaa nyuma ya uzio wa chuo; ni Warangi, Waislamu wa Kondoa, na yeye na Tabu wanaazimana kila kitu tangu chumvi mpaka watoto. Alikuja kusaidia kukatakata kachumbari. Alifunua sufuria, akavuta harufu, akatabasamu.

"Mmejitahidi. Nani kawachinjia? Maana Hasani wangu tangu jana yuko Kongwa, mnadani."

"Mimi," akasema Ernest, na kifua kikamjaa.

Batuli akarudisha kifuniko taratibu. "Wewe mwalimu?"

"Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Ila Mzee Makame atakula nini?"

Wote wakaweka miiko chini. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Kila mmoja alikulia mtaa wenye Waislamu, kila mmoja anajua kwamba kwenye shughuli ya mchanganyiko huitwa Mwislamu kuchinja, ili pasiwe na wa kukaa na sahani tupu. Wamefanya hivyo kwao kwenye harusi na kwenye misiba. Lakini pale chuoni hawakuwahi kulifikiria, kwa sababu kwa miaka yote Tabu alikuwa akimwita Hasani asubuhi, na nyama ikatokea mezani.

"Nunueni kuku," Batuli akasema. "Mtu wa kuchinja nitamtafuta kwa majirani."

"Saa hizi? Wageni wako njiani," Fabian akasema.

"Basi kuna maharage ya wanafunzi. Yako jikoni kwao, yameiva vizuri."

"Maharage! Batuli, mzee anatupa njia ya maji, halafu mbele ya Baba Askofu nimpe maharage?"

Kikafanyika kikao cha dharura hapohapo kando ya moto. Kuna aliyetaka mzee asiambiwe kitu. Batuli akamtazama mpaka akainamisha kichwa. Kuna aliyetaka waseme mbuzi alikufa. Mwisho Ernest, ambaye kifua kilikuwa kimeshapungua, akatoa wazo ambalo wote walikuwa nalo na kila mmoja alikuwa anaona aibu kulianza.

"Mama angejua la kufanya. Mkuu, si mbali. Nenda na gari. Hata kama ni nusu saa tu, atarudi kwenye mambo yake."

Fabian alijua kabisa kwamba asiende. Tuseme ukweli wake: alijua. Lakini kati ya kumwudhi askofu, kumwudhi mzee na kumwudhi mkewe, alichagua yule ambaye siku zote amekuwa akisamehe. Akapanda gari, dereva Mudrick akaliwasha.

*

Usaili ulikuwa kwenye shule moja ya sekondari mjini. Wasailiwa walikaa darasani kwa mpangilio, simu zimezimwa na kukusanywa, kila mtu na kipande chake cha manila na vifaa alivyotengeneza. Msimamizi alishatangaza asubuhi, na akarudia: atakayetoka nje ya geti kabla ya kuitwa amejitoa mwenyewe. Tabu alikuwa ametengeneza saa ya boksi, mishale yake inazunguka. Mbele yake walibaki watatu. Alikuwa anasogeza midomo bila sauti, anafundisha watoto wasiokuwepo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia mtu.

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Tabu Fabian yupo? Mumeo yuko getini. Anasema kuna dharura nyumbani."

Hakuuliza. Alichosikia ni kikohozi cha asubuhi. Aliacha saa yake juu ya dawati akakimbia uwanja mzima, kiatu kimoja kikamvuka, akatoka nje ya geti akiwa nacho mkononi.

"Sechelela yuko wapi? Hospitali gani?"

"Sechelela?" Fabian akashangaa. "Sechelela yuko shule."

Tabu akashika ukuta. "Dharura gani, basi?"

Shati la Fabian lilikuwa na masizi na harufu ya kitunguu. Akalamba midomo. "Ni mbuzi."

"Mbuzi amefanya nini?"

"Amechinjwa na Ernest."

Ilimchukua Tabu kitambo kuelewa, na alipoelewa hakupiga kelele. Alivaa kiatu chake, akageuka kurudi ndani. Mlinzi akasimama katikati ya geti, na uso wake ulikuwa wa huzuni.

"Mama, utaratibu uliusikia."

"Nimetoka dakika moja. Nilidhani mtoto wangu anakufa."

"Nakuelewa, mama yangu. Ngoja nimwite mkubwa."

Mkubwa akaja, kijana wa umri wa kuweza kumwamkia, na akamwamkia. Alisikiliza yote. Akasema wamo zaidi ya mia mle ndani, na asubuhi ileile ameshamkatalia dada mmoja aliyetoka kwenda kununua maji. Akimrudisha huyu, yule atamwambia nini? Akamrudishia simu yake, pochi yake, na ile saa ya boksi. Akasema samahani, mama, tena kwa moyo, na Tabu akamwitikia asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Ndani ya gari Mudrick alizima redio bila kuambiwa. Walifika karibu na njia panda ya Ihumwa ndipo Fabian akafungua mdomo.

"Mama Sechelela, mimi naamini Mungu atafungua mlango mwingine."

"Fabian," Tabu akasema. Hakuwahi kumwita hivyo tangu binti yao azaliwe. "Nyamaza."

*

Mbele ya nyumba ya mkuu walikuwa wamefunga turubai. Wageni walikuwa wameshaketi, askofu katikati, Mzee Makame na dada yake Bi Mwantum kulia kwake, walimu wamejipanga kwenye mabenchi. Gari lilipoingia Ernest alisimama, uso umejaa faraja.

"Mama amefika! Tumpigie makofi mama wa chuo!"

Wakapiga. Tabu alisogea, akaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo Baba Askofu, shikamoo mzee, shikamoo bibi. Akainama sikioni kwa Bi Mwantum kama alivyojua kufanya.

"Bibi, mnisamehe. Kuhusu chakula kumetokea kasoro. Nipeni muda kidogo niwatafutie kuku."

"Kuku wa nini, mwanangu?" Bi Mwantum akasema, tena kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo. "Sisi tumeshakula. Batuli alitwambia mapema, mbuzi si wetu, tukasema basi, lete chochote. Akatuletea maharage ya wanafunzi na mchicha. Huyu kaka yangu kaongeza mara mbili."

"Maharage yameungwa vizuri," Mzee Makame akathibitisha. "Na suala la bomba tumemaliza. Lipite tu. Maji ni ya watu wote."

Tabu alibaki ameinama palepale. Fabian, nyuma yake, aliweka mkono mdomoni.

"Lini?" Tabu akauliza. "Mmemaliza lini?"

"Muda mrefu. Mumeo alikuwa hata hajafika mjini vizuri, sisi tuko kwenye sahani. Tunakusubiri wewe tu tuagane. Wanasema ulikuwa na shughuli. Shughuli gani hiyo, mwanangu?"

"Usaili, bibi. Wa ualimu."

"Haya! Na umekwendaje?"

Mabenchi yote yalikuwa yanatazama chini. Bi Mwantum akamtazama Fabian, akamtazama Ernest, akatazama saa ya boksi kwapani mwa Tabu. Alikuwa amepitia biashara nyingi na wakwe wengi maishani mwake, hakuhitaji kuelezwa. "Wamekutoa huko," akasema polepole. "Kwa ajili ya kitoweo changu mimi."

Askofu alikuwa upande wa pili na masikio yake hayakuwa mazuri tena. Aliona tu kimya kimekuwa kirefu, akatazama saa, akakumbuka waumini wa Kibakwe wanamsubiri kwa kipaimara. Akanyanyuka kwa furaha ya mtu ambaye siku yake imekwenda vizuri.

"Basi wapendwa, tumeonana, tumeshiba, na maji yanakuja. Kabla hatujaondoka, namwomba mama yetu, nguzo ya chuo hiki, ambaye amekatisha shughuli zake kwa ajili yetu, atufungie kwa sala. Tusimame."

Viti vikakwaruza ardhi. Wakasimama wote, wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Ernest aliyafumba kwa nguvu mpaka paji likakunjamana. Fabian alikuwa wa mwisho. Alitaka kumtazama mkewe, akaogopa, akafumba naye.

Tabu alisimama mbele yao. Alifungua kinywa, na neno Baba likafika mpaka kwenye ulimi likakataa kutoka. Hasira ilikuwa imemjaa hivi kwamba asingeweza kuiweka mbele ya Mungu bila kuipanga kwanza, na hakuwa na nguvu ya kuipanga. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowalisha miaka yote, wametulia, mikono wameikutanisha tumboni, wanangoja apakue na hili pia.

Akavua kwanza mtandio, akaufunga kiunoni. Akashika pochi yake. Akapita katikati ya mabenchi taratibu, akampita Batuli aliyekuwa amesimama na jagi la maji, wakatazamana, Batuli akampisha. Akafika getini, akakata kushoto, upande wa shule ya Sechelela.

Wao walisubiri. Mmoja akasema "ndiyo, Bwana" ili kumtia moyo mwombaji. Mwingine akakohoa. Upepo ukapiga turubai, na kimya kikaendelea mpaka askofu akaanza kuyumba kidogo kwa uzee. Hakuna aliyethubutu kuangalia, kwa kuwa sala haijafungwa.

Bi Mwantum, ambaye kwao hawafumbi macho wakiomba, alikuwa ameliona lote tangu mwanzo. Alingoja kidogo, kwa adabu, akidhani labda ndivyo wanavyofanya. Kisha uvumilivu ukamwishia.

"Jamani, fumbueni macho," akasema. "Mwenyewe ameshaondoka."